Karatasi Ambayo Haikuingia Mgodini

Mgodi wa Bulangale ulikuwa na sheria moja iliyojulikana hata na mbwa wa pale: dhahabu ikiingia getini iandikwe, ikitoka iandikwe, na inayotoka bila kuandikwa kuingia, hiyo imeibwa. Wanawake waliouza uji walivua hereni zao kabla ya kufika getini, wakazifunga kwenye pindo la khanga ya mwenzao anayebaki nje. Mwaka wa themanini padri alipokuja kubariki shimo, kikombe chake cha misa kilipimwa kwenye mizani wakati wa kuingia na kikapimwa tena wakati wa kutoka, na padri mwenyewe akatia sahihi. Hakuna aliyecheka.

Telesphori alizijua habari hizo zote. Kwa hiyo usije ukamtetea kwamba alikuwa mgeni. Jumatatu ile ya Novemba themanini na moja, aliposhuka kwenye Land Rover ya serikali akitokea Shinyanga na sanduku lake la mbao, mzee Mihayo, mkubwa wa askari wa geti, alimwuliza kwa upole kama anavyomwuliza kila mtu.

"Una nini humo, fundi?"

"Shikamoo mzee. Vifaa vya kupimia hewa."

"Marahaba. Kuna dhahabu?"

"Hakuna."

Ilikuwepo. Ndani ya kopo jeusi, ndani ya sanduku, kulikuwa na kisahani cha silikoni chenye upana wa sarafu ya shilingi, na uso wa kisahani hicho ulikuwa umepakwa dhahabu nyembamba mno, ganda la kitunguu ni blanketi mbele yake. Telesphori alipiga hesabu ya haraka: nikisema ipo, wataleta mizani, mizani haitaona kitu, wataitana, watabishana, na asubuhi yangu imekwenda. Akasema hakuna. Lilikuwa neno dogo la mtu mwenye haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Sababu yenyewe iliitwa Pantaleo.

Pantaleo alikuwa mdogo wake, mtoto wa mwisho wa nyumba yao kule Ushirombo, mwenye miaka ishirini na sita na mke mjamzito aitwaye Limi. Kazi ya kuchimba katika handaki la tatu aliipata kwa barua iliyoandikwa na Telesphori mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, akimwomba meneja amfikirie kijana huyu mwaminifu. Tangu Pasaka kijana mwaminifu alikuwa akikohoa. Kikohozi kilikuwa cha vumbi, Telesphori hakujidanganya katika hilo. Lakini handaki lililoshindwa kutoa vumbi lake haliwezi kutoa na ile gesi isiyo na harufu wala rangi inayotoka ndani ya miamba, radoni, ambayo haimkohozi mtu leo. Inamsubiri. Inaweka mabaki yake kifuani kidogo kidogo, na miaka kumi na tano baadaye inakuja kudai mapafu.

Mgodi ulikuwa umepata feni moja kubwa, moja tu, na nyingine isingepatikana hadi Mungu atakapoikumbuka nchi hii kwa fedha za kigeni. Meneja, Bwana Kamili, alitaka feni iende handaki la tano, kwenye mwamba wenye mali zaidi. Mkaguzi wa migodi, Mhandisi Fazal, angefika Ijumaa na kuamua. Fazal hakuwa mtu wa kusikiliza vikohozi. Alitaka namba, na namba ndizo alizokuja kuzitafuta Telesphori.

Alipewa kibanda cha stoo karibu na mdomo wa shimo. Kazi ilikwenda hivi: anashuka na pampu ya mkono, anavuta hewa ya handaki kupitia karatasi ya chujio kwa dakika kumi, anapanda mbio na karatasi, maana mabaki ya radoni hayangoji, kila nusu saa nusu yake imekufa. Kibandani anailaza karatasi chini ya kisahani, anafunika kopo ili mwanga usiingie, halafu anapandisha volti za betri taratibu, taratibu kabisa, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kila chembe ambayo mabaki hayo yanaitupa kutoka kwenye karatasi na ikagonga silikoni inaacha humo chaji ya umeme. Ni chaji ndogo mno. Waya mrefu kidogo tu, na imepotea njiani.

Hapo ndipo palipokuwa na fahari ya Telesphori. Sentimita tano kutoka kwenye kisahani kilikaa kijisanduku cha bati alichokiunda kwa mikono yake, akakipa jina la kazi yake, kikuza chaji. Ndani yake kulikuwa na transista moja ya kuipokea chaji, nyepesi kuungua kuliko kiberiti, iliyotoka kwa fundi redio mmoja pale Shinyanga aliyeitunza miaka minne kwenye kopo la dawa. Na kapasita ndogo kama punje ya mtama, ambayo chaji ya chembe inamwagikia humo, ikawa volti, ikapanda ngazi hadi mashine ya kuhesabia, ikasema tik. Alikuwa amekichomelea bati mara tatu hadi kelele zote za umeme wa nje zikakoma. Alikipenda, na si vibaya kulisema, alikipenda kuliko redio yake.

Mwalimu wake kule Dar es Salaam alikuwa akisema kwamba kikuza chaji hakiulizi chaji imetoka wapi. Ikitoka kwenye chembe, kinaikuza. Ikitoka kwenye unyevu, kinaikuza. Kuuliza ni kazi ya mtu. Ndiyo maana kabla ya kila kipimo Telesphori aliweka karatasi safi, ambayo haijaingia mgodini, na kuhesabu nayo dakika kumi. Jumanne karatasi safi ilitoa mbili. Jumatano ilitoa tatu. Karatasi ya handaki la tatu ilitoa mia sita na kumi Jumanne, mia sita na thelathini Jumatano. Alipokokotoa, ilikuwa mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Aliandika kwa hofu na kwa furaha mbaya ya mtu aliyekuwa na haki.

Alimpelekea Bwana Kamili daftari. Kamili alilisoma lote, bila haraka, akalirudisha.

"Sikukatalii, Telesphori. Lakini kalamu ni yako, namba ni zako, na aliye kwenye handaki la tatu ni mdogo wako. Ijumaa utapima mbele ya mkaguzi, na mimi nikitazama."

Hapo Kamili alikuwa na haki, na Telesphori akakubali.

Alhamisi mchana mvua ilinyesha ya kuvunja mapaa. Bati la kibanda lilivuja moja kwa moja juu ya meza. Unyevu ni adui wa kisahani cha silikoni, kwa hiyo Telesphori alishusha volti, akakifungua kutoka kwenye kikuza, akakirudisha kwenye kopo jeusi, akatia kopo mfukoni mwa koti ili akalale nacho penye ukavu. Saa kumi na moja akafika getini pamoja na wachimbaji wanaotoka.

"Fungua, fundi," mzee Mihayo alisema. Alisema hivyo kwa wote.

Telesphori akafungua. Mvua ilikuwa imekatika na jua la jioni lilipenya moja kwa moja hadi ndani ya kopo. Uso wa kisahani ukang'aa njano. Wachimbaji walionyoosha shingo waliijua njano hiyo, walikuwa wakiitafuta kila siku.

Mihayo akatazama kopo, akatazama daftari lake la Jumatatu, akamtazama mtu. "Uliniambia hakuna."

"Mzee, hiyo si dhahabu ya kuhesabika. Ni rangi tu. Ni kifaa."

"Ni dhahabu au si dhahabu?"

"Ni dhahabu, lakini..."

"Basi haikuingia," mzee Mihayo alisema, na kwa kweli alikuwa na huzuni usoni. "Mwanangu, nikikuacha upite, kesho nitamwambia nini huyu hapa nyuma yako? Kilale hapa. Asubuhi meneja akija ataamua. Nitakuandikia stakabadhi."

Telesphori alisihi, hadi wachimbaji wakaanza kunung'unika kwamba foleni haitembei. Mwishoni alisema, "Sawa, lakini msikiguse usoni, mzee. Hata kwa kidole."

"Hakitaguswa na mtu yeyote," Mihayo alisema, na alimaanisha hakitaibwa.

Tatizo la Mihayo lilikuwa daftari. Kitu kikilala getini huandikwa, na kwenye daftari kuna mahali pa kuandika aina. Ni dhahabu, au ni shaba iliyong'arishwa? Kwa miaka kumi na minane mzee yule hajapata kuandika dhahabu kwa kuambiwa. Kila askari wa geti wa Bulangale alikuwa na jiwe jeusi la kusugulia na kichupa cha asidi, kama padri alivyo na maji ya baraka. Alilisugua jiwe usoni mwa kisahani. Halikushika rangi. Akakwangua kidogo kwa ncha ya kisu, akadondosha tone la asidi, akatazama. Njano haikuliwa. Akaandika: dhahabu, kipande kimoja. Kisha akakipangusa vizuri, akakifunga kwa leso yake safi, akakirudisha koponi.

Asubuhi ya Ijumaa Bwana Kamili alisaini kitolewe, bila hata kuuliza sana. Mihayo alikikabidhi kwa mikono miwili, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, fundi. Hukunidanganya jana, ni dhahabu kweli. Lakini ni kidogo, hata jiwe halikuiona."

Telesphori alifungua leso. Katikati ya uso wa kisahani palikuwa na mkwaruzo wa urefu wa ukucha, na pembeni yake doa la kijivu lenye umbo la tone.  Mzee alikuwa akimtazama kwa wema, akingoja kushukuriwa kwa ajili ya leso.

"Ahsante, mzee," alisema.

Kibandani alikifunga kisahani kwenye kikuza, akaweka karatasi safi, akapandisha volti. Mashine ikaanza kulia kabla hajafika nusu. Haikusema tik, ilinyesha. Kisahani kilichokwanguliwa kilikuwa kinavuja umeme chenyewe, na kikuza chaji, mtumishi mwaminifu, kilikuwa kinaukuza wote na kuupeleka juu. Alipunguza volti. Kelele zikapungua, lakini alipokiwekea kipande cha majaribio, kinachotoa chembe anazozijua idadi yake, hakikuziona hata moja. Alipandisha, kelele zikarudi. Kisahani kingine hakikuwepo Shinyanga wala Dar es Salaam. Hiki chenyewe kilikuwa msaada kutoka ng'ambo, na maombi ya cha akiba yalikuwa na miaka miwili kwenye faili la mtu.

Alikaa juu ya gunia la saruji. Ilikuwa saa tatu. Nje, zamu ya asubuhi ilikuwa ikipita kuelekea shimoni, akasikia kikohozi anachokijua kabla hajauona uso. Pantaleo alichungulia mlangoni, kofia ya chuma mkononi.

"Shikamoo kaka. Leo ndiyo leo?"

"Marahaba. Leo ndiyo leo."

"Limi anakuombea tangu jana. Kamaliza rozari mbili." Akakohoa, akageuka pembeni kwa adabu ili asimkoholee kaka yake, akaenda zake.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mtu mwema alipopotea, na alipotea akiwa na akili timamu. Telesphori alijiambia hivi: namba za Jumanne ni za kweli. Za Jumatano ni za kweli. Hewa ya leo ni ile ile. Kifaa ndicho kigonjwa, ukweli ni mzima. Nikikifanya kifaa kigonjwa kiseme ukweli ambao tayari ninao, nimemdanganya nani? Kwenye mashine kulikuwa na kitufe cha kizingiti, kinachoamua ishara ndogo kiasi gani zitupwe na kubwa kiasi gani zihesabiwe. Alikizungusha nywele kwa nywele, akihesabu, akizungusha tena, hadi mvua ile ya kelele ikashuka ikafika mia sita na kidogo kwa dakika kumi. Ilimchukua muda wa saa nzima. Hajapata kufanya kazi kwa makini kama alivyofanya ile.

Mhandisi Fazal alifika saa nne na nusu, mtu mfupi, mnyamavu, mwenye miwani inayoteleza kwa jasho. Hakutaka chai. Alishuka handaki la tatu mwenyewe, akapiga pampu mwenyewe, akapanda na karatasi mkononi akihema. Telesphori akailaza chini ya kisahani, akafunika, akapandisha volti. Bwana Kamili alisimama mlangoni, mikono nyuma. Dakika kumi zilipita. Mia sita na thelathini na nne.

Kamili alishusha pumzi. Fazal akaitazama namba, akalichukua daftari la Telesphori, akalinganisha na Jumanne na Jumatano, akatikisa kichwa kukubali. Akilini Telesphori aliiona feni ikishushwa handaki la tatu. Aliiona kabisa, na mabawa yake.

"Vizuri," Fazal alisema. "Sasa nipimie karatasi safi."

Akachomoa mwenyewe karatasi moja kutoka kwenye pakiti, akampa.

Ungedhani mtu angeanguka, au angesema. Telesphori alikuwa na nafasi ya kusema, ndefu tu, tangu karatasi ilipotoka kwenye pakiti hadi ilipofika chini ya kisahani. Badala yake aliomba. Alimwomba Mungu azishushe kelele kwa dakika kumi tu. Kisha akafunika kopo, akapandisha volti, na watu watatu wakasimama kuisikiliza karatasi ambayo haijaingia mgodini ikihesabiwa. Mia sita na kumi na nane.

Kamili hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

"Jumanne ulipima karatasi safi?" Fazal aliuliza.

"Nilipima. Mbili. Imeandikwa hapo."

"Naona imeandikwa. Na leo?"

Hapo akasema yote, haraka haraka, bila mpangilio: geti, jiwe jeusi, asidi, leso. Alimwonyesha kisahani. Fazal alikielekeza kwenye mwanga, akaupima mkwaruzo kwa macho.

"Uliyaona haya kabla sijashuka?"

"Ndiyo, Mhandisi."

"Na hiki kizingiti nani alikiweka hapa?"

Telesphori alikitazama kitufe. Fazal alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ungeniambia saa nne na nusu kwamba kifaa kimeharibiwa, ningeliamini daftari. Ningelifunga handaki lile hadi kifaa kingine kipatikane, hata miaka miwili. Nilikuja hapa nikiwa na nia hiyo, vikohozi vyao nimevisikia na mimi. Sasa nikiandika ripoti kwa daftari hili, wataniuliza limeandikwa na nani. Nitasema limeandikwa na mtu yule yule aliyenitengenezea namba ya leo." Akalifunga, akalirudisha mikononi mwa mwenyewe. "Labda Jumanne ulisema kweli. Nadhani ulisema kweli. Lakini kudhani kwangu hakufungi mgodi."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Hii haikufika hata mwisho wa meza.

Kufikia saa nane habari ilikuwa imeshuka hadi chini kabisa ya shimo na kupanda tena. Feni ilikuwa inasukumwa na watu kumi na wawili kuelekea handaki la tano. Handaki la tatu lingechimbwa mita arobaini mbele zaidi kuanzia Jumatatu. Telesphori alipanga vitu vyake sandukuni, kikuza chaji akakiweka cha mwisho, kizima, hakina kosa lolote. Getini mzee Mihayo alifungua daftari.

"Kipande kimoja, dhahabu, kinatoka," aliandika. Akakiweka kwenye mizani kwa utaratibu. Sindano haikuenda popote. "Uzito niandike nini?"

"Andika hakuna."

Pantaleo alikuwa amekaa nje ya geti, akila muhogo wa kuchoma kwenye gazeti. Telesphori aliweka sanduku chini, akachuchumaa mbele yake, akamshika goti kama walivyokuwa wakifanya utotoni.

"Panta, nisikilize. Jumatatu usishuke. Acha kazi. Hewa ya mle ndani ni mbaya, ni mbaya mara nne. Nilipima mimi."

Mdogo wake alimtazama, na kwanza alijizuia, kwa heshima. Kisha tabasamu likamshinda. Halikuwa na ubaya wowote, lilikuwa la mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kaka, si kwa ile mashine iliyohesabu karatasi tupu? Mgodi mzima unacheka. Mimi nilikuwa naogopa, nakwambia kweli, hata kulala nilikuwa silali. Sasa Limi naye atalala." Akakunja gazeti, akasimama, akakohoa, akageuka pembeni kwa adabu. "Usihuzunike. Utatengeneza nyingine."

Akaenda zake nyumbani kwa Limi. Jumatatu akashuka.